Marumaru za Sebuleni na Miguu ya Wazee Wetu



Kila inapokaribia Idi, na vivyo hivyo zinapofika likizo za mwezi wa Desemba, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Moshi hujaa watoto wa Upare wanaorejea makwao. Wako wanaoteremkia Hedaru, wako wanaoteremkia Makanya, na wengi hufika Same au Mwanga, kisha hutafuta magari ya kupanda milimani: Usangi, Ugweno, Vudee, Suji, Mbaga, Chome, Gonja na kwingineko. Hii ni ada njema, nasi tunawaombea waidumishe. Zamani mzigo wa mrejeaji ulikuwa sukari, mchele, kanga ya mama na kanzu ya baba. Siku hizi juu ya mzigo huo zimeongezeka katoni za marumaru, kwa kuwa nyumba ya wazee inafanyiwa ukarabati.

Hatuna ugomvi na ukarabati huo. Mwana aliyejaaliwa kipato akaikumbuka nyumba aliyozaliwa, akaiondolea sakafu ya udongo au ya saruji iliyopasuka, huyo ametenda wema, na asiyeutambua wema huo hana shukurani. Ugomvi wetu uko kwingine. Tumeingia katika nyumba nyingi za namna hii, chini Same na juu milimani, kwa tanzia, kwa harusi na kwa kuzuru wagonjwa, nasi tumeona mpangilio mmoja ukijirudia kiasi kwamba haiwezekani tena kuuita kosa la mtu mmoja. Sebule imewekwa marumaru kubwa, nyeupe, zing'aazo hata sura ya mgeni huonekana ndani yake. Kisha sebule hiyo hufungwa kwa ufunguo. Mama yuko jikoni, juu ya sakafu ile ile ya zamani yenye mashimo. Bafu liko uani, saruji yake imekwisha kuliwa na maji. Na ngazi tatu za mlango wa nyuma hazina hata bomba la kushikia. Sehemu iliyotengenezwa haitumiki, na sehemu inayotumika haikutengenezwa.

Basi tunauliza: marumaru hizi zilinunuliwa kwa ajili ya nani?

Kama zilinunuliwa kwa ajili ya wageni wa siku mbili za Idi, na kwa ajili ya jirani ambaye mwanawe aliweka za kwake mwaka jana, basi na tuseme hivyo waziwazi, tusiseme kwamba tumewajengea wazazi.

MGUU WENYE MAJI

Nyumba ya Mwislamu ina jambo lake katika habari ya sakafu, ambalo muuza duka hawezi kuambiwa na karatasi ya kiwandani. Ndani ya nyumba hiyo, mara tano kwa siku, watu hutembea na miguu iliyolowa. Mzee wa miaka 75 huamka kabla ya alfajiri, kungali giza, na katika mwezi wa Julai baridi ya Chome au ya Usangi inajulikana. Hutawadha, huosha miguu yake hadi vifundoni, kisha hutoka bafuni akiharakisha kwenda kuswali. Kigae king'aacho, kikiwa kikavu, hakina neno. Kikipata maji, na hasa maji yenye povu la sabuni, huwa hakina tofauti na jiwe la mtoni lililoota ukungu. Hapo ndipo mzee anapopita.

Kijana wa miaka 30 akianguka huinuka akajipangusa. Mzee ambaye mifupa yake imekwisha kupungua nguvu huvunjika nyonga, na nyonga iliyovunjika si jeraha la kukandwa kwa maji ya moto. Ni safari ya kushushwa mlimani juu ya godoro ndani ya gari la kukodi, hadi hospitali ya Same, na mara nyingi kuendelea hadi KCMC kule Moshi, kama kilomita 100 kutoka Same. Baada ya hapo ni miezi ya kulala, na wapo ambao hawainuki tena wakatembea kama walivyotembea kwanza. Mwana aliyetumia fedha zake kuweka marumaru hutumia fedha nyingine kumuuguza aliyeangushwa na marumaru zile. Haya si mambo ya kubuni. Kila msikiti wa milimani una mzee wake wa namna hii, na wanaosoma ukurasa huu wanamkumbuka wa kwao.

Wala shida ya maji haipunguzi hatari hiyo, huizidisha. Mji wa Same ulijulikana kwa miaka mingi kwa uhaba wa maji, hata ulipozinduliwa mwezi Machi mwaka 2025 mradi mkubwa unaochota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu kwa ajili ya Mwanga, Same na hatimaye Korogwe. Mahali ambapo watu wamezoea kuweka maji katika mapipa na kuyabeba kwa ndoo kupita ukumbini, maji hayo humwagika njiani. Bafu lenye marumaru hadi darini lisilo na mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu lake ni dimbwi lililopambwa.

Katika Suratul Israai, amri ya kuwatendea wema wazazi wawili wanapofikia uzee imetangulia, na aya chache tu baada yake yamekuja makatazo ya ubadhirifu. Wengi wetu tumezoea kuzisoma hukumu hizi mbili mbalimbali: moja tunaihutubia siku ya kuzungumzia wazazi, nyingine siku ya kuzungumzia harusi za kifahari. Lakini katika jambo la nyumba ya wazee zinakutana chini ya paa moja. Fedha iliyotolewa kwa jina la wazazi ikaishia kwenye chumba kilichofungwa, huku mzazi akinyata bafuni kwa kushika ukuta, imekosa pande zote mbili.

DUKANI

Inafaa tuseme kidogo namna ya kununua, kwa sababu wengi huingia dukani wakiwa na rangi tu vichwani mwao, na muuzaji huwauzia rangi.

Kwanza, marumaru za ukutani na za sakafuni si kitu kimoja, hata zikifanana sura. Ile ya ukutani ni nyepesi na hunywa maji, ikikanyagwa hupasuka. Anayetaka kujua na akigeuze kigae, amwage tone la maji mgongoni pake, aangalie. Tone likizama upesi, hicho ni cha ukuta. Kigae kigumu cha sakafu, kile kilichochomwa kwa moto mkali hata udongo wake ukashikana kama jiwe, tone hukaa juu yake.

Pili, achukue vigae viwili avikabilishe uso kwa uso. Vikibembea, vimepinda, na fundi hodari hawezi kukunyoshea kilichopindia kiwandani. Tatu, asome ubavuni mwa katoni: kipimo, daraja, na namba ya rangi. Katoni mbili zenye jina moja na picha moja zaweza kuwa na namba za rangi mbalimbali, kwa kuwa zilichomwa siku tofauti. Dukani hutaona, lakini zikitandazwa sebuleni utaona mstari kama kiraka cha nguo. Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza, amwombe muuzaji maji kidogo, alowanishe uso wa kigae, akisugue kwa soli ya kiatu au kwa nyayo yake. Cha bafuni, cha jikoni, cha barazani na cha ngazi lazima kikwaruze. Katika bafu vigae vidogo ni bora kuliko vikubwa, kwa sababu mistari mingi ya maungio huushika mguu, na fundi huweza kuipa sakafu mteremko bila ya kukatakata.

Kisha hesabu. Sebule ya futi 14 kwa futi 16 ni takriban meta za mraba 20.8. Katoni ya vigae 12 vya sentimeta 40 kwa 40 hufunika meta za mraba 1.92. Ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vitakavyokatwa na vitakavyovunjika, unahitaji katoni 12. Mwenye kuambiwa anunue 18 na aulize sababu. Na mwenye kununua 10 ili abane matumizi atarejea dukani baada ya mwezi, akute namba ile ya rangi imekwisha.

Tunawageukia sasa wauzaji, ambao wengi wao ni ndugu zetu na husimama nasi katika safu moja. Siku hizi bidhaa hii haitoki mbali peke yake. Kwa miaka mingi marumaru zilizouzwa nchini zililetwa kwa meli kutoka China, India, Hispania na nchi za Ghuba. Kuanzia mwaka 2017 hivi, viwanda vikubwa vyenye mtaji wa Kichina, kile cha Goodwill kule Mkuranga na kile cha KEDA kule Chalinze, vimekuwa vikizitengeneza hapa hapa kwa udongo wa Tanzania, na malori yatokayo Chalinze kwenda kaskazini hupita mbele ya milango yetu Same. (Tukumbuke kwamba watu wa pwani walikuwa wakipachika sahani na bakuli za Kichina katika kuta na makaburi tangu karne nyingi zilizopita, na mabaki yake yameonekana Kunduchi, na kwamba kigae katika Kiswahili cha asili ni kipande cha chungu kilichovunjika. Hata vyungu vya kale vya Upare vina sifa yao: wachunguzi wa mambo ya kale wameliita kundi moja la vyungu kwa jina la Maore, mahali pale pale Gonja.) Wingi huo wa bidhaa umeleta unafuu, na umeleta pia mchanganyiko wa madaraja. Daraja la kwanza, la pili na la tatu hupangwa katika duka moja, na mnunuzi wa milimani hajui kulitofautisha moja na jingine.

Kuuza daraja la tatu si haramu. Wapo wanaolihitaji, na kigae chenye doa dogo katika stoo ya mahindi hakimdhuru mtu. Lililoharamishwa ni kulinyamazia doa. Kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta unyevu chini ya kilicho kikavu, akamkemea mwenye mali kwa kutoiweka wazi aibu ya bidhaa yake, kila mmoja wetu amekisikia mimbarini. Katoni nzuri juu na mbovu chini ni lundo lile lile. Na katoni iliyofunguliwa ikatolewa vigae viwili, kisha ikafungwa kwa utepe na kuuzwa kwa bei ya 12, imo ndani ya Suratul Mutaffifin bila ya haja ya mufasiri.

MLIMA UNA MASHARTI YAKE

Nyumba ya Kinondoni na nyumba ya Mbaga haziwezi kukarabatiwa kwa mawazo mamoja. Juu kule ardhi imeinama, mvua ni nyingi kuliko tambarare ya Same, na nyumba nyingi zimekaa juu ya kijitambarare kilichochimbwa ubavuni mwa mlima. Maji ya mvua hushuka kutoka nyuma ya nyumba, huingia chini ya msingi, na unyevu hupanda sakafuni. Ukiweka marumaru juu ya sakafu ya namna hiyo, baada ya misimu miwili utaisikia inalia kwa uwazi unapoigonga, kisha kigae kitainuka chenyewe.

Kwa hiyo fedha ya kwanza, kabla ya kuingia dukani, ni ya mtaro wa nyuma ya nyumba na ukuta wa kuzuia udongo. Hazipendezi machoni, hakuna mgeni atakayeusifu mtaro. Lakini mwezi Novemba mwaka 2009, mvua kubwa ziliporomosha mlima katika eneo la Mamba Myamba, wilayani Same, na watu wasiopungua 20 wakafukiwa na kupoteza maisha. Hatusemi kwamba mtaro mmoja ungeuzuia mlima usiporomoke. Tunasema kwamba anayeishi chini ya mlima hana ruhusa ya kusahau maji yanakopita. Wazee wetu hawakusahau. Walichimba ndiva za kukusanyia maji na mifereji ya kuyaongoza mashambani, wakaitengeneza kwa msaragambo, na nyumba zao wakaziweka mahali walipopajua.

Yako na masharti mengine. Katoni moja ya marumaru hukaribia kilo 30, na katoni 12 ni mzigo wa kutosha kulilemea gari dogo katika kona za kupanda. Zisimamishwe wima kama vitabu rafuni, zikabanwa kwa majani ya migomba au magunia. Zikilazwa juu ya nyingine, za chini zitafika zikiwa vigae kwa maana ile ya asili. Rangi nyeupe nayo haifai kwa udongo wetu mwekundu. Mwenye kupiga deki si mwana aliyeko Dar es Salaam. Ni mama mwenye mgongo unaouma, au mjukuu wa darasa la nne aliyeachiwa kwake. Rangi ya kahawia au ya kijivu itamwondolea kazi ya kila siku. Tena marumaru ni baridi. Mzee mwenye maumivu ya viungo, aliyezoea kukaa chini, atahitaji jamvi au zulia zito lisilohama, na lisiwekwe kizulia chepesi juu ya kigae laini, kwani hicho huteleza pamoja na aliye juu yake.

Fundi naye atazamwe. Sakafu mpya ya saruji yapasa kuachwa wiki nne hivi ikauke na kukomaa kabla ya kuwekwa vigae. Fundi anayekubali kumwaga leo na kuweka marumaru kesho kutwa kwa kuwa bosi anarudi mjini Jumapili, anamfurahisha bosi. Gundi ienee mgongoni mwa kigae kizima, isiwe mabonge manne pembeni na moja katikati. Na ujira wake alipwe kabla ya jasho lake kukauka, kama tulivyofundishwa. Isiwe tunamkagua fundi kwa ukali kisha tunamwambia asubiri mwisho wa mwezi.

MKOPO

Hili tutalipitia kwa ufupi, maana limezungumzwa mara nyingi. Wapo wanaochukua mikopo yenye riba, hata ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, ili wamalize sebule kabla ya Idi. Dharura inajulikana ni nini, na sakafu ya sebule haimo. Kama fedha inatosha bafu peke yake mwaka huu, lifanywe bafu. Mwakani jiko. Sebule itangoja; imekwisha kungoja miaka 40 bila ya kulalamika.

MISIKITI YETU

Tungekuwa hatuna uadilifu kama tungewaambia wenye nyumba haya yote tukayanyamazia ya misikiti, kwa kuwa kamati zetu zinafanya vile vile. Huchangishwa fedha, hununuliwa marumaru za kupamba mihrabu na nguzo za mbele, ndugu walioko mjini hutumiwa picha, nao hufurahi. Sehemu ya kutawadhia, iliyoko nje, ina saruji iliyochimbika, kibomba kimoja kinachovuja na mfereji wenye ukungu wa kijani. Anayefika pale kwanza kuliko wote ni mzee. Sayyidna Umar (r.a.), ulipojengwa upya msikiti wa Mtume (s.a.w.), aliagiza watu wakingwe na mvua, na akaonya dhidi ya rangi nyekundu na manjano zitakazowashughulisha wenye kuswali. Yeye aliutazama msikiti kwa upande wa anayeutumia.

Tunapendekeza kwa kamati za misikiti ya Same, Mwanga na milima yote miwili kwamba mchango ujao wa marumaru, popote utakapochangishwa, uanzie mahali pa udhu: vigae vya kukwaruza, mteremko wa kuondoa maji, viti vya saruji vya kukalia wakati wa kutawadha, na bomba la chuma ukutani kuanzia kwenye maji hadi mlangoni. Orodha ya katoni zilizonunuliwa, bei yake na risiti ya duka ibandikwe ubaoni ili kila aliyetoa aisome. Katoni moja ya akiba, yenye namba ile ile ya rangi, ihifadhiwe stoo. Na kabla ya kununua, katibu alete vigae viwili au vitatu vya mfano siku ya Ijumaa, vilazwe pale penye maji, waitwe wazee wavikanyage kwa miguu iliyolowa. Watakachokichagua wao ndicho kinunuliwe, hata kama rangi yake haitapendeza katika picha.